Mazoezi ya Viungo na Motisha ya Wanafunzi wa Vyuo: Kinachobaki Amri Inapoondoka

Utangulizi

Kijana anayeingia chuo kikuu nchini Tanzania hujikuta, mara nyingi kwa mara ya kwanza maishani mwake, mahali ambapo hakuna mtu anayemwamuru kukimbia. Katika shule ya msingi alikimbia mchakamchaka kabla ya masomo. Katika sekondari ya bweni aliamshwa kwa kengele, na zamu ya usafi, gwaride na michezo ya jioni vilikuwa na saa zake. Baada ya kidato cha sita, ikiwa jina lake lilitoka katika orodha ya wanaokwenda kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, alikimbia tena, safari hii akiwa na buti. Chuoni kengele hiyo haipo. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda uwanjani huamka kwa hiari yake, na asiyeamka haulizwi.

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya mazoezi ya viungo na motisha kwa wanafunzi wa vyuo. Hoja inayoyaongoza ni kwamba swali linaloulizwa mara kwa mara, yaani wanafunzi wana motisha kiasi gani, halimfikishi mtafiti mbali. Swali lenye manufaa zaidi ni la aina ya motisha, na jinsi kila aina inavyodumu pale amri, malipo au alama za darasani zinapoondolewa. Hoja hiyo inajengwa juu ya misingi mitatu: nadharia ya Deci na Ryan, majaribio ambayo kwa sehemu kubwa yamefanywa Marekani, kwa kuwa ndiko watafiti walikopata fursa ya kuwalipa wanafunzi na kuhesabu mahudhurio yao kwa miezi kadhaa, na historia ya mazoezi ya lazima nchini Tanzania, ambayo inayapa matokeo ya majaribio hayo maana ya pekee.

Usogevu wa mwili kama ulazima wa maisha

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye shughuli za mwili za nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au za nguvu kubwa kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli katika siku mbili au zaidi. Mwongozo uliotangulia, wa mwaka 2010, ulihesabu tu shughuli zilizodumu angalau dakika 10 mfululizo. Ule wa 2020 uliliondoa sharti hilo, na hivyo kupanda ngazi za jengo la mihadhara nako kukaanza kuhesabika.

Kwa vipimo vya namna hiyo, Afrika Mashariki huonekana kufanya vizuri. Uchambuzi wa Guthold na wenzake uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za watu milioni 1.9 kutoka nchi 168, ulikadiria kuwa asilimia 27.5 ya watu wazima duniani hawakuwa na usogevu wa kutosha mwaka 2016. Wanawake walikuwa asilimia 31.7 na wanaume asilimia 23.4. Uganda, kwa asilimia 5.5, ilikuwa miongoni mwa nchi zenye kiwango cha chini kabisa cha kutosogea.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Hojaji ya WHO ya kupima usogevu wa mwili hugawa shughuli katika nyanja tatu: kazi, safari na burudani. Mtu anayelima kwa jembe la mkono, kuchota maji na kutembea hadi sokoni huvuka kiwango kinachotakiwa kabla hata hajafikiria mazoezi. Hakuna motisha inayopimwa hapo. Kinachopimwa ni ulazima. Mwanafunzi aliyekulia katika mazingira hayo anapohamia bweni la chuo huziacha nyanja mbili za kwanza mlangoni. Maji yapo bombani, darasa liko umbali wa dakika chache, na kazi yake ni kukaa. Kinachosalia ni nyanja ya burudani, yaani mazoezi yanayofanywa kwa kuyachagua, na hiyo ndiyo nyanja ambayo hakupata nafasi ya kuizoea. Kwa hiyo si sahihi kumweleza mwanafunzi huyo kama mtu aliyepoteza motisha. Kwa muda mrefu mwili wake ulifanya kazi bila kuihitaji.

Aina za motisha

Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester waliiweka misingi ya Nadharia ya Kujiamulia katika kitabu chao cha mwaka 1985 na kuifafanua zaidi mwaka 2000. Tofauti na nadharia zinazoichukulia motisha kama maji ndani ya mtungi, ambayo ama ni mengi ama ni kidogo, nadharia hii huipanga motisha kulingana na mahali inapotoka: kutoka kwa kukosa msukumo kabisa, kupitia misukumo ya nje ya viwango mbalimbali, hadi motisha ya ndani.

Wachukuliwe wanafunzi watano wanaokimbia katika uwanja mmoja. Wa kwanza anakimbia kwa sababu mkufunzi ana orodha ya mahudhurio. Wa pili hakuna anayemwandika, lakini akikosa siku mbili nafsi yake humsuta, au huona haya mbele ya wenzake wa bwenini. Wa tatu hapendi kukimbia hata kidogo, ila mzazi wake ana kisukari na yeye ameamua kuyalinda maisha yake mapema. Wa nne amekwisha kujitambua kama mtu wa mazoezi, na kuacha kungekuwa sawa na kubadili tabia yake nzima. Wa tano anakimbia kwa kuwa kukimbia kwenyewe kunampa raha. Kwa macho ya mtu aliyesimama kando ya uwanja, watano hao hawana tofauti, na hojaji inayouliza tu idadi ya siku za mazoezi ingewapa alama zilezile. Tofauti hujitokeza wiki ya mitihani, mvua za masika zinapoanza, au mkufunzi anapohamishwa.

Mapitio ya Teixeira na wenzake ya mwaka 2012, yaliyochunguza tafiti 66 kuhusu mazoezi na Nadharia ya Kujiamulia, yaliona mwelekeo unaostahili kukumbukwa. Msukumo wa mwanafunzi wa tatu, yaani kuikubali thamani ya jambo hata kama halipendezi, ulibashiri vizuri zaidi kuanza mazoezi na kuyaendeleza kwa muda mfupi. Raha ya mwanafunzi wa tano ilibashiri vizuri zaidi kuendelea kwa muda mrefu. Elimu ya afya inayotolewa kwa mabango na mihadhara inaweza, basi, kumtoa kijana kitandani, lakini haielekei kumrudisha uwanjani mwaka wa tatu wa masomo ikiwa mazoezi yenyewe yanamkera.

Nadharia hiyo inataja pia mahitaji matatu ya nafsi ambayo, yakitimizwa, huvuta motisha kuelekea ndani: uhuru wa kuamua, hisia ya kulimudu jambo, na kufungamana na watu wengine. Mahitaji hayo yanafaa kama kipimo cha kuangalizia namna vijana wanavyofundishwa mazoezi kabla hawajafika chuoni.

Mazoezi kama amri na kama adhabu

Katika shule nyingi za Tanzania na Kenya, viungo vya mwili vimetumika kama chombo cha nidhamu. Mwanafunzi aliyechelewa huruka kichura. Aliyepiga kelele hupiga pushapu. Darasa lililokosa usafi huzunguka uwanja. Kwa mtazamo wa fiziolojia, kuruka kichura ni zoezi zuri la mapaja na makalio. Kwa mtazamo wa motisha, ni zoezi lililofungashwa pamoja na fedheha, mbele ya wenzake, bila uhuru wa kuamua na bila kipimo cha maendeleo, maana anayeadhibiwa haambiwi kwamba leo ameruka vizuri kuliko juzi. Mahitaji yote matatu yananyimwa kwa mkupuo mmoja. Mtafiti anayekuta kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawayapendi mazoezi ya kuchuchumaa na kuruka hana budi kuuliza waliyajulia wapi.

Mchakamchaka ni jambo jingine, na ingekuwa makosa kuuweka katika kapu moja na adhabu. Ni amri, ndiyo. Lakini ni amri inayoimbwa. Kiongozi huanzisha, kundi huitikia, hatua hufuata mwendo wa wimbo, na mkimbiaji dhaifu hubebwa na sauti za wenzake. Hitaji la kufungamana hutimizwa kwa wingi hata pale uhuru wa kuamua unapokosekana. Huenda ndiyo sababu watu wazima wengi huusimulia mchakamchaka kwa tabasamu, ilhali hawaisimulii hivyo adhabu ya kichura, ingawa vyote viwili vilitoka kwa walimu walewale.

JKT inatoa mfano mpana zaidi wa mazoezi ya amri. Jeshi hilo lilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 1966 serikali ilipopitisha utaratibu wa kuwalazimisha wahitimu kulitumikia, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana mwezi Oktoba, na Rais Nyerere akawarudisha nyumbani takribani 400 kati yao. Mgogoro ule haukuhusu mazoezi. Ulihusu lazima yenyewe na makato ya mishahara. Mafunzo ya lazima yaliendelea hadi yaliposimamishwa mwaka 1994, kisha yakarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya wanafunzi wanaoingia vyuoni wametoka katika miezi ya mazoezi makali kuliko watakayoyafanya tena katika maisha yao. Wanajua kukimbia, wanajua kuvumilia, na miili yao iko tayari. Hisia ya kumudu wanayo. Walichokosa ni kuamua. Kwa mtafiti hili ni jaribio la asili ambalo ni nadra kulipata: kundi lililopitia kambini na kundi lisilopitia, yote mawili katika kumbi zilezile za mihadhara. Iwapo kumudu peke yake kungetosha kuzaa motisha, kundi la kwanza lingejaza viwanja vya vyuo. Nadharia ya Kujiamulia inatabiri kwamba halitajaza, isipokuwa pale ambapo kijana ameyageuza yale aliyoamriwa kuwa yake mwenyewe.

Lazima inaweza pia kuzua upinzani inapomwelekea mtu kwa sababu ya umbo lake. Chuo Kikuu cha Lincoln cha Pennsylvania, alikosoma Kwame Nkrumah, kiliweka sharti kwa wanafunzi waliojiunga kuanzia mwaka 2006 kwamba mwenye uwiano wa uzito na urefu wa 30 au zaidi alazimike kusoma kozi ya mazoezi ili ahitimu. Kundi la kwanza lilipokaribia kuhitimu mwaka 2009, malalamiko yalienea na chuo kikaliondoa sharti hilo. Kozi yenyewe haikuwa na kasoro ya pekee. Kasoro ilikuwa katika ujumbe wake: aliyepangiwa alijua, na wenzake wakajua, kwamba amepangiwa kwa kuwa ni mnene.

Malipo na mazoea

Ikiwa amri ina mipaka, je, zawadi? Jaribio la Lepper, Greene na Nisbett la mwaka 1973 lilionyesha kwamba watoto wadogo waliopenda kuchora, walipoahidiwa tuzo kwa kuchora, walipunguza hamu yao baadaye tuzo zilipokoma. Tangu hapo waandishi wengi wamehitimisha kwamba zawadi huua motisha ya ndani. Hitimisho hilo limepanuliwa kupita kiasi.

Charness na Gneezy (2009) waliwalipa wanafunzi wa vyuo vikuu viwili vya Marekani ili waende katika ukumbi wa mazoezi. Katika jaribio la kwanza, baadhi walipewa dola 25 kwa kwenda mara moja katika wiki, na kundi jingine likaahidiwa dola 100 zaidi kwa kwenda mara nane katika wiki nne zilizofuata. Waliolipwa kwa mara nane waliendelea kuhudhuria zaidi hata baada ya malipo kwisha, na ongezeko hilo lote lilitokana na wale ambao hapo awali hawakuwa wahudhuriaji wa kawaida. Hakuna ukinzani wa kweli na jaribio la watoto. Watoto wale walikuwa na hamu iliyoweza kupotea. Wanafunzi hawa hawakuwa nayo. Malipo yaliwafikisha mara nane mahali walipokuwa wakipaogopa au kupapuuza, na mara nane zilitosha kwa wengine kugundua kwamba wanaweza.

Lakini kwa muda gani? Acland na Levy (2015), waliofanya jaribio la mfano huo kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliona mazoea yakijengeka kisha yakififia kwa kiasi kikubwa baada ya likizo ya majira ya baridi. Waliona pia kwamba wanafunzi hukadiria kupita kiasi ni mara ngapi watahudhuria siku zijazo. Utafiti mkubwa zaidi, wa Milkman na wenzake (2021), ulijaribu programu 54 za wiki nne kwa wanachama 61,293 wa kumbi za mazoezi nchini Marekani, ambao si wanafunzi pekee. Asilimia 45 ya programu hizo ziliongeza mahudhurio ya wiki kwa asilimia 9 hadi 27. Zilizoacha badiliko lililoweza kupimika baada ya wiki nne kwisha zilikuwa asilimia 8 tu.

Kalenda ya chuo, kwa mtazamo huu, ni adui wa mazoea kuliko uvivu. Mihula hukatwa na likizo, likizo hufuatwa na ratiba mpya, na mafunzo kwa vitendo humpeleka mwanafunzi katika mji asioujua. Kila mkato huirudisha motisha kwenye mtihani upya. Anayetegemea uwanja fulani, saa fulani na rafiki fulani huvipoteza vyote kwa siku moja.

Wenzake, uwanja na saa

Ushawishi wa wenzake ni mkubwa kuliko mabango yanavyodhani. Carrell, Hoekstra na West (2011) walitumia utaratibu wa Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, ambako wanafunzi hupangwa katika vikosi bila kujichagulia, na kuonyesha kwamba uimara wa mwili wa wenzake huathiri wa mwanafunzi mwenyewe. Athari hiyo ilitokana zaidi na wenzake waliokuwa dhaifu kabisa. Udhaifu, kwa maneno mengine, huambukiza. Katika mazingira ya Kiswahili, upande wa pili wa jambo hilo unaonekana katika klabu za jogingi za Dar es Salaam na vikundi vya mazoezi vya Zanzibar, ambavyo hukusanyika kwa wingi kila tarehe 1 Januari katika siku ya mazoezi. Vikundi hivyo vina sare, viongozi, nyimbo, na mara nyingi michango ya misiba na harusi. Asiyefika huulizwa yuko wapi, kwa kumjali na si kwa kumwandika. Ni mchakamchaka uliopata hiari.

Vyuo, kwa upande wao, huwekeza zaidi katika timu za mashindano. Timu huwapa fursa wachache ambao tayari wanamudu, na kuwageuza wengine kuwa watazamaji. Uwanja wa mpira wa miguu jioni ni wa wavulana ishirini na wawili na wale wanaosubiri zamu. Msichana anayetaka kutembea kwa kasi au kukimbia hubaki na kingo za uwanja, na giza linaingia mapema katika nchi za ikweta. Huyo hana upungufu wa motisha unaoweza kutibiwa kwa semina. Taa, saa zilizotengwa, na mahali ambapo anaweza kuvaa apendavyo au aaminivyo bila kutazamwa vingebadili takwimu zake pasipo kuigusa nafsi yake. Mtafiti anayeingiza hali hiyo katika safu ya "kukosa motisha" humhesabia mwathirika kosa la mpangaji wa chuo.

Lugha ya kupimia

Tatizo la mwisho ni la lugha, na linawahusu moja kwa moja wanaofanya utafiti kwa Kiswahili. Neno "motisha" limezoeleka katika ofisi za Tanzania kwa maana ya posho, zawadi au marupurupu; motisha kwa walimu ni fedha au nyumba. Mwanafunzi anayeulizwa ana motisha gani ya kufanya mazoezi anaweza kujibu kwa uaminifu kwamba hana, akimaanisha kuwa halipwi. "Ari", "hamu" na "sababu" ni maneno salama zaidi ndani ya hojaji, hata kama "motisha" litabaki katika kichwa cha tasnifu.

Neno "michezo" nalo humtoa nje anayetembea au kunyoosha viungo chumbani, kwa kuwa hajioni kuwa mwanamichezo. "Mazoezi" peke yake yanaweza kueleweka kama ya hisabati. "Mazoezi ya viungo" huondoa utata huo, ingawa kwa wengine hukumbusha gwaride.

Hojaji ya Markland na Tobin ya mwaka 2004, yenye vipengele 19, hutumika sana kupima aina za motisha ya mazoezi. Kipengele chake kuhusu hatia ni mtego. Tafsiri ya "najisikia hatia nisipofanya mazoezi" inaeleweka, lakini hatia katika Kiswahili ni ya mahakamani au ya mbele ya Mungu, na wachache watakiri kuwa na hatia kwa kukosa kukimbia. "Nafsi yangu hunisuta" iko karibu zaidi na hali inayokusudiwa, na inatenganisha kusutwa na nafsi na kuona haya mbele za watu, mambo mawili ambayo mhojiwa huyahisi tofauti. Vivyo hivyo kwa kupunguza uzito. Katika jamii ambamo kusema "umekonda" kunaweza kuwa kuuliza kwa upole kama mtu ana maradhi au dhiki, kipengele kinachodhani kwamba kila kijana anatamani wembamba hakipimi kilekile kinachopimwa Marekani. Hivyo hojaji yapasa ijaribiwe kwa mazungumzo, kipengele kwa kipengele, kabla ya kuchapwa kwa mamia.

Kuhusu wakati wa kupima, matokeo ya Berkeley yanadai jambo ambalo ratiba za tasnifu hazilipendi. Data zinazokusanywa katikati ya muhula, wakati kozi ya mazoezi ikiendelea, hupima utii. Mtafiti anayetaka kujua kama motisha imeota mizizi itambidi awarudie wahojiwa walewale wiki ya tatu au ya nne baada ya likizo, wakati hakuna orodha ya mahudhurio wala alama, na kuwauliza juma lililopita walikimbia lini, na nani, na kwa nini.